Ganda la Yai Mtaa wa Msimbazi

Mtaa wa Msimbazi, ule unaotoka Fire kuelekea Gerezani, umekaa na chai na yai kwa miongo mingi. Chai imo katika chupa ya mama ntilie na katika birika la mgahawa. Yai limo katika ndoo au trei la kijana anayepenya katikati ya wapita njia, mkononi ana kisu kidogo, chumvi, pilipili na kachumbari. Mtu mmoja anaweza kununua vyote viwili kabla basi la mwendokasi halijafika kituoni. Pamoja na ujirani huo wote, chai na yai havikuzoeleka hapa kupikwa katika sufuria moja. Nchini China vimepikwa hivyo kwa karne kadhaa: yai huchemshwa, ganda lake hugongwagongwa lipate nyufa bila kubanduka, kisha hurudishwa motoni ndani ya majani ya chai, chumvi na viungo. Likimenywa, weupe wake umechorwa mistari ya kahawia kama jiwe la marumaru. Kwa nini mitaa ya Kariakoo, iliyopokea chapati, sambusa, pilau, mishikaki na chipsi, haikulipokea yai hili hata baada ya Wachina wenyewe kufungua maduka pale? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba yai la mitaani Msimbazi limejengwa juu ya ganda zima. Ganda hilo ndilo muhuri wa biashara yake, na yai la chai huuvunja muhuri huo kabla mnunuzi hajafika.

Tuanze na yai lenyewe, maana wengi hulidhania kuwa pishi gumu la hotelini. Mwaka 1792 mshairi Yuan Mei wa Nanjing, aliyeishi katika enzi ya utawala wa Qing, alitoa kitabu cha mapishi ambacho bado kinasomwa. Maelezo yake ya yai la chai ni mafupi mno. Anataka mayai 100, chumvi ya uzito wa liang moja, yaani kama gramu 37 hivi, na majani ya chai ya daraja la chini. Sufuria ikae motoni kwa muda wa kuungua vijiti viwili vya ubani. Mayai yakiwa 50, chumvi ipunguzwe nusu. Halafu anasema yanafaa kuwa kitafunwa. Mambo mawili katika maelezo hayo yana uzito kwa hoja yangu. La kwanza, hakutaja sosi ya soya wala kile kiungo kikavu chenye umbo la nyota ambacho leo watu hudhani ndicho roho ya yai la chai. Msingi wake ni chumvi na chai ya bei nafuu. La pili, alihesabu kwa mayai 100. Hicho ni kipimo cha nyumba yenye watu wengi au cha mtu wa biashara, na kweli yai hili limebaki China kuwa chakula cha vituo vya treni, milango ya shule na maduka madogo ya mitaani, likiuzwa moja kwa moja kutoka ndani ya sufuria ya moto.

Namna rangi inavyoingia ni jambo ambalo mafundi batiki wa Dar es Salaam wangelielewa bila kufundishwa. Fundi hupaka nta juu ya kitambaa, nta ikikauka huikunja ipasuke, kisha hutumbukiza kitambaa katika rangi. Rangi hupenya pale tu palipo na ufa, na mistari myembamba isiyofanana hubaki. Ganda la yai hufanya kazi ya nta. Chai hupita kwenye nyufa, huufikia utando wa ndani, na huacha alama juu ya weupe. Mistari ya yai moja haiwezi kurudiwa katika yai jingine. Zaidi ya rangi, ile dawa ya chai inayokaza ulimi tunapokunywa chai iliyokolea sana hukaza pia weupe wa yai, ndiyo maana yai la chai huwa gumu kidogo kuliko la kuchemsha kawaida, na chumvi hufika ndani badala ya kunyunyizwa juu. Sisi wenyewe huiita chai isiyo na maziwa chai ya rangi. Jina hilo linatosha kuonyesha kwamba watumiaji wa Kiswahili walikwisha kuiona chai kama kitu kinachotia rangi, hata kama hawakuipa yai la kutia.

Neno chai limetoka mbali kuliko kinywaji chake kilivyotoka. Wachina wana matamshi mawili makubwa ya jina la mmea huu: cha, linalosikika sehemu kubwa ya nchi, na te, la watu wa pwani ya Fujian. Waliouziwa na mabaharia wa Kiholanzi waliokuwa wakinunua Fujian walichukua te. Waliopata jina kupitia Uajemi na India walichukua chai, na sisi tumo katika kundi hilo la pili. Mmea wenyewe ulikuja baadaye sana. Wajerumani waliujaribu katika kituo chao cha utafiti cha Amani, Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902, na kilimo cha biashara kikashika kasi wakati wa Waingereza kuanzia mwaka 1926, baadaye Mufindi na Rungwe zikawa majina ya chai. Zao hilo lililimwa ili liende nje. Kilichobaki nchini kikawa kinywaji cha wafanyakazi wa mjini, na polepole neno chai likapanuka likameza mlo mzima wa asubuhi: mtu akisema bado hajanywa chai, ana maana hajala kitu. Hapo ndipo kitafunwa kilipopata nafasi yake, na hapo ndipo yai lilipokuja kukaa.

Kariakoo ilikuwa mahali pa kufaa kwa mlo wa aina hiyo. Jina lake ni mabaki ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, vita vilivyoua makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki. Mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi za watu: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika ng'ambo ya uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ambao uliachwa wazi makusudi uwatenge. Nyumba za Kariakoo zilikuwa za Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. J.A.K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wa mji mwaka 1956 kwa niaba ya serikali ya kikoloni, alikuta wakazi wengi ni wapangaji wa chumba. Mpangaji wa chumba kimoja anayewahi bandarini au relini hawashi mkaa alfajiri kwa ajili ya kikombe kimoja. Hununua. Kwa hiyo chai na vitafunwa vya kununua vimekuwa sehemu ya maisha ya Kariakoo tangu ilipokuwa makazi, na mtu anayesema vyakula vya mitaani ni zao la umaskini wa juzi anakosea kwa miongo mingi.

Yai, kinyume na inavyodhaniwa, ndilo lililochelewa. Kuku walikuwako siku zote, wakiletwa sokoni ndani ya matenga kutoka Uzaramo na kwingineko, lakini kuku wa kienyeji hutaga kidogo, na mwenye kuku hupendelea yai liwe kifaranga. Tena zilikuwako mila katika jamii nyingi za Afrika Mashariki zilizowazuia wajawazito na watoto kula mayai, kwa hofu ya namna mtoto atakavyozaliwa au tabia atakazokuwa nazo. Mahali ambapo yai ni mbegu ya mfugo na pia ni mwiko kwa nusu ya nyumba, haliwezi kubebwa kwa ndoo na kuuzwa kwa kila mpita njia. Ili jambo hilo liwezekane ilibidi mayai yawe mengi na yatoke kwa kuku asiye na kazi nyingine ila kutaga.

Wingi huo ulikuja kwa njia ambayo naiona kuwa moja ya kurasa nzuri za historia ya Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 mshahara wa mtumishi wa umma uliporomoka hata haukutosha wiki moja ya chakula. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti mjini humu mwishoni mwa muongo huo, aliandika jinsi makarani, walimu, wauguzi na mameneja walivyoanzisha kile walichokiita miradi: mmoja anaoka maandazi, mwingine anashona, na wengi wanafuga kuku wa kisasa uani. Mayai ya ua wa karani yalihitaji soko, na soko lilikuwa Kariakoo, ambako jengo lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975. Yai likawa bidhaa ya trei la mayai 30. Ajabu ni kwamba katika muongo huohuo, China ilipoanza kulegeza uchumi wake, wasomi wa huko walikuwa na msemo wa uchungu: atengenezaye bomu la atomiki hapati kama auzaye mayai ya chai. Kwa Kichina neno la bomu na neno la yai hutamkwa sawa, dan, ndiyo maana msemo ulienea haraka. Karani wa Dar es Salaam aliyekuwa akipata zaidi kwa kuku wake kuliko kwa kalamu yake angeuelewa mara moja. Nchi mbili zilizokuwa zikifanya kazi pamoja zilifikishwa na mshahara duni kwenye yai, kila moja kwa upande wake, na moja ikalitia katika chai huku nyingine ikalichemsha kwa maji matupu.

Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza. Mtazame muuza mayai wa Msimbazi anavyofanya kazi. Mteja huchagua yai mwenyewe. Muuzaji hulipasua mbele yake, hulimenya akijitahidi vidole visiguse weupe, hulichana katikati, hutia chumvi, pilipili au kachumbari, na kulikabidhi. Kila hatua ya usafi inaonekana kwa macho, na hatua ya kwanza kabisa ni ganda. Ganda zima lasema kwamba tangu yai lilipotoka kwa kuku hakuna mkono, nzi wala vumbi lililofika ndani. Ni vyakula vichache vya bei hiyo vinavyokuja na kifungashio chake. Ganda lenye ufa, kwa upande mwingine, lina ushahidi mbaya: huenda yai ni viza, huenda lilianguka, huenda ni la jana limerudishwa sokoni. Muuzaji mwerevu hulitenga, au halitii kwenye ndoo kabisa. Sasa mletee mteja huyo yai ambalo nyufa zake ndizo sifa yake, ambalo likimenywa lina madoa ya kahawia, na umwambie ndivyo linavyotakiwa kuwa. Hulazimiki kumdhania kuwa mshamba ili uelewe atakavyosita. Anatumia elimu sahihi aliyoipata mtaani.

Elimu hiyo imelipiwa kwa gharama kubwa. Bonde la Msimbazi hufurika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha mamia ya familia hadi Mabwepande, na maji machafu ya bondeni yamekuwa jirani wa Kariakoo kwa muda wote wa uhai wake. Kipindupindu kimerudi Dar es Salaam mara nyingi tangu miaka ya 1970, na mlipuko ulioanza Agosti 2015 mjini humu ulisambaa karibu nchi nzima. Miongoni mwa amri za mwanzo katika nyakati kama hizo huwa ni kukataza matunda yaliyokatwa na vyakula vilivyo wazi kando ya barabara. Chakula kilicho ndani ya ganda hupona katika amri ya aina hiyo, kama ndizi inavyopona. Kwa hiyo nikisema ganda ni muhuri sitii chumvi. Ni kanuni ya afya iliyoandikwa na watu wenyewe kabla bwana afya hajapita.

Watakaopinga wana hoja nzuri, na ya kwanza ni hii: huhitaji kuzungumzia ganda, Wachina hawakuishi nasi, basi. Chapati ilikuja na watu waliokaa Dar es Salaam vizazi kadhaa, wakaajiri wapishi, wakafungua migahawa. Wachina walikuja kama wataalamu, kisha kama wauzaji wa jumla, na chakula hakihami bila jirani. Ipo kweli kubwa hapa. Uhusiano wa pwani hii na China ni wa kale: makaburi ya Kunduchi, hapahapa Dar es Salaam, yalipambwa kwa bakuli za kaure ya Kichina, na mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alipopita Tanganyika mwaka 1955 alistaajabia vigae vya Kichina vilivyozagaa katika magofu ya pwani. Hata hivyo bakuli zilifika bila mpishi. Hali ikajirudia miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, na makumi ya maelfu ya Wachina walipita humo. Waliishi kambini, wakalima mboga zao na kupika vyakula vyao, na waliofia kazini wakazikwa Majohe. Sehemu ya gharama za ujenzi hapa nchini ililipwa kwa bidhaa za Kichina zilizouzwa katika maduka yetu, na hivyo vyombo na nguo kutoka China vikaingia majumbani kwa wingi. Watu walipokea vitu vya Mchina, na sufuria yake ikabaki kambini.

Nakubali hayo yote, lakini hayamalizi swali. Tangu miaka ya 2000 wafanyabiashara wa Kichina wamekuwa Kariakoo waziwazi, si kambini, hata ikafika Januari 2011 serikali ikawapa wageni wanaofanya biashara ndogondogo siku 30 za kuondoka katika biashara hizo, na Julai 2025 ikatoa amri nyingine iliyotaja aina 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Hakuna anayetoa amri dhidi ya watu asiowaona. Ujirani, basi, ulikuwapo angalau wa mchana. Tena chakula huhama hata bila wingi wa wageni pale kinapopata mlango: chipsi za viazi hazikuletwa na kundi lolote la wahamiaji waliokaa Kariakoo, lakini zilikutana na mayai ya miradi, zikawa chipsi mayai, na leo haionekani kama kitu cha kigeni. Zilipata mlango kwa sababu hukaangwa mbele ya mteja. Yai huvunjwa akiliona, mafuta hutokota akiyasikia. Upungufu wa Wachina majirani unaeleza kwa nini yai la chai lilichelewa kujulikana. Hauelezi kwa nini mtu anayelijua haoni faida ya kuliuza.

Hoja ya pili ni ya dini. Kariakoo ina Waislamu wengi, na sosi ya soya iliyochachushwa inaweza kuwa na kileo kidogo, jambo ambalo waangalifu hulikwepa. Hofu hiyo ni ya haki, na Yuan Mei amekwisha kuijibu miaka zaidi ya 230 iliyopita bila kujua: sosi si lazima. Chumvi na chai vyatosha, na anayetaka harufu ana mdalasini, karafuu, pilipili manga na tangawizi, ambavyo vimeuzwa Kariakoo tangu soko lilipokuwa soko. Wapo pia watakaotaja bei ya mkaa kwa chakula kinachokaa motoni muda mrefu. Lakini makande na maharage hukaa motoni muda mrefu zaidi katika ua uleule, na supu ya asubuhi huanza kuchemka usiku. Mkaa haukuzuia hayo.

Hoja iliyo kali kuliko zote inatoka China yenyewe. Muuzaji wa kule naye yuko barabarani, naye anauza kwa watu asiowajua, na mayai yake yote yana nyufa. Mbona wateja wake hawakimbii? Kwa sababu yeye ameliweka yai ndani ya sufuria inayofuka moshi. Moto na chumvi vimechukua kazi ya ganda. Mteja anaona mvuke, ananusa chai, anajua kwamba kilichomo hakijapoa tangu asubuhi. Muhuri umehama kutoka kwenye yai ukaenda kwenye sufuria. Basi kwa nini kijana wa Msimbazi asifanye vivyo hivyo? Hapa historia ya sheria inaingia jikoni. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilimhesabu mchuuzi asiye na kibali kuwa mzururaji wa kusombwa na kurudishwa shamba. Ililegezwa, machinga wakajaa, lakini operesheni za kuwaondoa barabarani hazikukoma, na ile iliyoanza Oktoba 2021 iliwagusa wengi Kariakoo. Mtu anayeishi chini ya sheria za namna hiyo huchagua bidhaa anayoweza kukimbia nayo. Yai kavu lenye ganda zima hukimbizwa. Sufuria ya maji ya moto juu ya jiko la mkaa haikimbizwi; ikimwagika humchoma mwenyewe, ikikamatwa mtaji wote umekwenda. Muuza supu na mama ntilie wana kipembe chao, banda au kivuli cha mti walichokijenga kwa miaka. Muuza mayai ana miguu. Kwa hiyo yai la Msimbazi ni kavu na zima kwa sababu mbili zinazoshikana: mnunuzi anataka muhuri, na muuzaji hana ruhusa ya kusimama mahali pamoja na moto.

Mtu anaweza kuniuliza kuhusu muuza kahawa. Yeye hutembea na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe, na biashara yake ni ya zamani kuliko ya mayai. Mfano huo naupenda, maana unaonyesha mpaka wa hoja yangu ulipo. Muuza kahawa hutembea, lakini haendi ovyo. Ana baraza zake, saa zake na watu wake, na wanaokunywa kutoka kwake wanamjua kwa sura na mara nyingi kwa jina la babaye. Yeye hahitaji ganda wala mvuke, kwa kuwa uso wake unajulikana. Muuza mayai wa Msimbazi humuuzia mtu aliyetoka Mbagala, Lusaka au Lubumbashi, aliyekuja kununua mzigo na ambaye hatamwona tena. Kati ya watu wawili wasiojuana, lazima kiwepo kitu cha tatu kinachoshuhudia. Kwa hiyo yai la chai likija kuuzwa Kariakoo, naamini litaanzia kwenye baraza ya kahawa au kwenye meza ya mama ntilie mwenye wateja wa kila siku, kabla ya kufika kwenye ndoo ya mtembezi. Nisingependa kuona mwenye ndoo akilijaribu leo, katika joto la Dar es Salaam, na mayai yenye nyufa yaliyopoa tangu alfajiri. Katika jambo hilo mteja anayesita ndiye mwenye hekima.

Nyumbani ni habari nyingine. Mpishi ni mama, dada au baba anayejulikana, yai limenunuliwa zima, na nyufa zimetiwa na mkono wa mwenye nyumba baada ya yai kuiva. Hakuna anayehitaji muhuri. Ndiyo sababu naona kwamba mahali pa kweli pa yai la chai katika Msimbazi ni ua wa nyumba, nao ua huo hauna upungufu wowote. Chemsha mayai mpaka yaive kabisa, dakika kama 10 baada ya maji kutokota. Yatumbukize katika maji baridi, kisha yagonge taratibu kwa mgongo wa kijiko pande zote, ganda lipasuke lakini lisidondoke. Ufa mpana hutia doa, ufa mwembamba hutia mstari. Katika sufuria safi weka maji ya kuyafunika, vijiko viwili vikubwa vya majani ya chai ya kawaida ya Mufindi au Rungwe, chumvi iliyozidi kidogo ile ya mchuzi, kipande cha mdalasini na karafuu mbili tatu. Karafuu isizidi, hufunika chai. Anayetaka sosi ya soya aiongeze na apunguze chumvi. Rudisha mayai, moto uwe mdogo kwa muda wa saa moja, halafu yaache ndani ya chai yake mpaka sufuria ishikike kwa mkono. Mwenye jokofu anaweza kuyahifadhi humo ndani ya chai hiyohiyo mpaka kesho yake, na rangi itakolea zaidi. Asiye na jokofu asiyalaze: nyufa zilizopitisha chai hupitisha pia vijidudu. Kwa mara ya kwanza apike mayai manne tu, yaliwe siku hiyohiyo, pamoja na chai ya rangi.